Bomu Lililokwisha Kuanguka

Inspekta Saumu Ayub alichuchumaa ukingoni mwa shimo, akatia mkono ndani kupima kina. Vidole viligusa ardhi ngumu kabla kiwiko hakijazama.

"Si refu," alisema.

"Si refu, afande," aliitikia Sajini Mwai wa kikosi cha mabomu. Alikuwa amepiga magoti kwenye turubai kando yake, akipanga vipande vya chuma kama mama anayepanga nyanya sokoni. "Lakini limetosha kuua mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Ndungu, mkulima wa viazi, au Baba Wachuka kama majirani walivyomwita. Jumanne asubuhi alitia moto lundo la magugu ya thangari kwenye kona ya shamba lake, akasimama karibu akiegemea reki, na lundo likamlipukia. Leo ilikuwa Ijumaa, kesho angezikwa. Endarasha nzima ilikwisha kutoa hukumu: ni bomu la Wazungu, limelala hapo tangu vita vya msituni, na siku ya Ndungu ilikuwa imefika. Mkuu wa kituo naye alitaka faili ifungwe kwa maneno hayo hayo.

Haikuwa hukumu ya kipuuzi. Shamba la Ndungu lilipakana na Kiharo, uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, ardhi tambarare iliyonyooka kama rula kuelekea milima ya Nyandarua. Miaka ya hamsini, ndege za Harvard zilipaa kutoka hapa na mabomu madogo chini ya mabawa, zikaenda kuyamwaga msituni walikojificha wapiganaji wa uhuru, zikarudi kubeba mengine. Waingereza walipoondoka, uwanja uliangukia mikononi mwa chama cha ushirika, ng'ombe wakaufanya malisho. Hata hivi leo, mvua kubwa ikinyesha, watu huokota maganda ya risasi kwenye mitaro.

Saumu hakuwa mgeni wa hadithi hizo. Alizaliwa Majengo, mjini Nyeri, na babu yake aliwahi kuwapikia askari wa uwanja huo. Ila yeye alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake: jambo ambalo kila mtu alikubaliana nalo, yeye alilianza upya.

"Nionyeshe pua yake," alisema.

Mwai alimpa kipande kizito, kimepinda, cheusi kwa masizi. Saumu alikiweka kando ya picha iliyokuwa kwenye simu ya Mwai, picha ya bomu kama hilo likiwa zima.

"Hapa kwenye picha kuna kitu mbele, kama feni ndogo. Hapa mbona hakuna?"

"Hiyo hutoka yenyewe. Bomu ikiangushwa, upepo unazungusha hiyo feni mpaka inafunguka, inaenda. Ikishaenda, bomu iko macho. Ikigonga chini inalipuka."

"Na likiwa bado stoo?"

"Stoo inafungwa na pini. Haizunguki."

"Pengine mlipuko wa Jumanne ndio uliing'oa."

Mwai alikichukua tena kile kipande, akakisugua kwa kidole gumba, akakiinua kwenye mwanga. "Hapana. Ingekatika, ningeona chuma mpya. Hizi nyuzi za skrubu ni nzima, na ziko na kutu mpaka ndani. Hiyo feni ilitoka kitambo sana."

"Kwa hivyo bomu hili lilikwisha kuanguka kutoka kwa ndege."

"Lilianguka, likakataa kulipuka. Ndiyo."

Wote wawili waliinua macho, wakautazama uwanja. Hakuna rubani anayejipiga bomu nyumbani kwake.

"Kuna zile zilikuwa zinakwama chini ya bawa," Mwai alisema, akijijibu mwenyewe. "Ndege ikitua, inadondoka."

"Ndungu alilima hapa kwa trekta kila msimu. Lingekuwa chini ya udongo, trekta lingelikuta zamani. Na lingelipukia chini, tungekuwa na shimo refu." Saumu alisimama, akajikung'uta magoti. "Hili lilikuwa juu. Limefunikwa na udongo kiasi tu, halafu Ndungu akakokota magugu yake juu yake bila kujua. Mtu alilileta hapa, Mwai, na si zamani."

Mwai aliitikia kwa kichwa.

Wakati huo mtu mmoja mnene aliyevaa kofia ya ngozi alikuwa akibishana na askari kwenye utepe wa polisi. Saumu alimtambua: Wamae, dalali wa mashamba kutoka mjini, aliyeununua uwanja wa Kiharo kutoka kwa chama cha ushirika mwaka uliopita ili aukate ploti. Majirani walisema yeye na Ndungu waligombana hadharani wiki mbili kabla, Ndungu akiapa kwamba hakuna servea, mpima ardhi, atakayekanyaga kona yake.

"Inspekta, mtafungua lini?" Wamae aliuliza. "Mimi niko na watu wamenunua hapa."

"Uligombana na marehemu."

"Nimegombana na nusu ya Endarasha. Hiyo ni kazi yangu." Alishusha pumzi. "Najua venye watu wanasema. Lakini fikiria. Servea alikuwa aje Jumatano kuchimba mashimo ya bikoni, zile nguzo za mpaka. Sasa hataki hata kusikia jina ya Kiharo. Wanunuzi wananipigia simu, ati ploti iko na bomu. Mimi ndio ningeweka?"

Saumu alimtazama, kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki kipande cha mti kilichoungua upande mmoja, chenye rangi nyekundu upande wa pili. Alikiokota kwenye matuta ya viazi, hatua chache kutoka shimoni. "Hiki unakijua?"

"Ni kigingi yangu. Servea aliweka alama kila mahali bikoni itachimbwa. Hiyo ilikuwa hapa kwa kona."

"Vingine viko wapi?"

Wamae alipeperusha mkono kuelekea uwanja wote. "Huko kote. Nyasi imefunika."

*

Mtu wa pili aliyetajwa na kila mdomo alikuwa Ken, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuwa na yadi ndogo Kiganjo. Alionekana mara nyingi akitoka msituni na vyuma kwenye pikipiki. Saumu alimkuta akikata gamba la friji. Ken alipoona kitambulisho, aliweka tindo chini na kuonyesha viganja vyake kabla hajaulizwa.

"Mimi sikuua Baba Wachuka."

"Sijasema umeua. Nimekuja kuuliza juu ya mabomu ya msituni."

"Mimi hununua chuma, sinunui kifo. Jamaa yetu alijaribu kukata moja, tukazika mguu." Alifuta jasho. "Lakini nilijua mahali ziko. Ziko mbili, huko juu karibu na mapango, chini ya mti ya podo. Zimelala pamoja kama mapacha. Kila mtu wa kuingia msitu anajua hiyo mahali, tunapita mbali."

"Mbili?"

"Zilikuwa. Wiki iliyopita nimepita, sikuona hata moja. Nyasi imelala tu, na alama ya gunia ikiburutwa."

Saumu alitoa simu mfukoni. "Nani mwingine alikuwa akienda hapo?"

"Hakuna. Labda wageni wa Mwalimu Wambugu. Anawapeleka wakapige picha."

Saumu alimpigia Mwai akiwa bado anaelekea kwenye gari. "Yalikuwa mawili. La pili halijulikani liko wapi."

"Afande, hii mashine yangu inalia kila nikisonga," Mwai alisema. "Huu uwanja umejaa vyuma vya miaka sabini. Nimemaliza kuzunguka shimo peke yake. Kupima yote nahitaji watu na wiki nzima."

"Waombolezaji wanaoandaa mazishi ya kesho wako wapi?"

"Wako mbali na mimi. Naona wanashusha vitu, upande ule mwingine wa uwanja. Ng'ombe hulala hapo kila siku."

"Ng'ombe hawachimbi. Waambie wasiguse ardhi mpaka nifike."

"Ngoja nitume askari."

*

Mwalimu Wambugu alikuwa mstaafu wa somo la historia na mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya Ndungu. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya mawe iliyokuwa ofisi ya walinzi wa uwanja, na sebule yake ilikuwa makumbusho: bawa la rafadha ya ndege ukutani, kofia za marubani, makasha ya risasi, picha za vijana wa Kiingereza wakicheka mbele ya ndege. Watoto wa vijana hao, sasa wazee wenyewe, walikuja kutoka ng'ambo, naye akawatembeza. Dirisha lake kubwa lilitazama uwanja.

Alikuwa amevaa suti na tai, tayari kwa wageni. "Karibu, Inspekta. Chai iko."

"Asante, Mwalimu. Nimekuja na haraka kidogo. Nataka tuwaondoe waombolezaji uwanjani."

"Hawako uwanjani. Tenti nilisema iwekwe nyumbani kwa marehemu, hizo nyimbo zinatoka huko."

Alisema hivyo akimimina chai, mgongo ukiwa dirishani. Saumu alitazama nje. Mbali kidogo, lori lilikuwa limesimama kwenye nyasi, na spika iliyofungwa juu yake ikipiga nyimbo za kanisa. Askari wa Mwai alikuwa njiani kwenda kuwazuia. Kwanza alitaka kusikia.

"Nieleze juu ya huu uwanja," alisema. "Vikosi vilivyokuwa hapa."

Uso wa mzee ulifunguka. "Vitatu. Kwanza vijidege vya polisi. Hivyo havikuwa na bomu, vilikuwa vya kupeleleza tu. Vikiona moshi wa mapishi msituni, vinaita wengine. Halafu wakaja hawa wa Harvard." Alielekeza kidole kwenye picha. "Mlio wao, mama yangu alisema, ulikuwa unafanya ng'ombe wakatae kutoa maziwa. Mwisho walikuja wa kupiga picha, kuhesabu kilichobaki. Halafu wote wakaenda."

"Na mama yako?"

"Alibeba mawe ya hii barabara ya ndege. Yeye na wanawake wa kijiji chote, kwa lazima, na askari nyuma yao. Mimi nikiwa mgongoni." Aliweka birika chini. "Hawa marubani wana majina yao kanisani kwao, yamechongwa. Wale wanawake hawana hata kaburi linalojulikana. Wana hii barabara tu. Na Wamae anataka kuweka nyumba za kukodisha juu yake."

"Ulijaribu kumzuia?"

"Niliandikia kila ofisi. Walinijibu ati hakuna kitu hapa. Nyasi na mawe."

Saumu alikiweka kile kigingi mezani, kati ya vikombe.

Mwalimu alikitazama. Hakukigusa.

"Nilipoteza siku mbili, Mwalimu," Saumu alisema taratibu. "Nilikuwa nauliza nani alitaka kumuua Ndungu. Wamae aligombana naye, lakini bomu limemharibia Wamae biashara. Ken angeweza kulibeba, lakini Ken anayaogopa kuliko mimi. Kisha nikakumbuka hiki. Bomu halikuwekwa kwenye shamba la Ndungu. Liliwekwa kwenye kigingi cha servea. Servea angechimba Jumatano, angeliona, angekimbia. Jeshi lingekuja kuufunga uwanja, na hakuna mtu angejenga hapa tena. Ndungu hakutarajiwa kuwa hapo."

Mzee alinyoosha tai yake iliyokuwa imenyooka tayari. "Hiyo ni dhana."

"Ndiyo. Dhana nyingine ni hii: yalikuwa mabomu mawili, na vigingi ni vingi."

Nje, sauti mpya ilijitokeza chini ya nyimbo za spika. Ngo. Ngo. Chuma juu ya chuma.

Mwalimu aligeuka dirishani. Vijana wanne walikuwa wamekunjua tenti kubwa nyeupe kwenye nyasi, na mmoja mwenye ovaroli ya bluu alikuwa akipigilia chuma cha kamba kwa nyundo ya kuvunjia mawe. Chuma cha kwanza kilikuwa kimeingia. Alikuwa akielekea kona ya pili. Askari wa Mwai alikuwa bado mdogo kama kidole, katikati ya uwanja, akitembea.

"Nani amewaambia hapo?" Mwalimu alisema. "Nilisema nyumbani. Nilisema."

"Kwani hapo kuna nini?"

Mkono wake ulishika ukingo wa dirisha.

"Mwalimu, hapo kuna nini?"

"Waambie waache."

"Waache kufanya nini?"

"Wasipige nyundo." Alimgeukia, na macho yake yalikuwa ya mtu mwingine. "Ile kona ya karibu na barabara. Iko hapo. Waambie wasipige nyundo, mama."

Saumu alikuwa ameshatoka mlangoni.

Alikimbia. Aliita, na nyimbo zikaimeza sauti yake. Alipunga mikono, na wanawake waliokuwa wakimenya viazi kando ya lori walimwangalia na kupunga mikono yao pia, wakidhani anasalimia. Yule wa ovaroli alikuwa amesimamisha chuma cha pili kwenye nyasi, akakigonga polepole kukiimarisha. Kisha akarudi nyuma kidogo, akatemea viganja mate.

Saumu hakumkimbilia yeye. Alikimbilia lori, lililokuwa karibu zaidi, akapanda kwenye gurudumu, akamnyang'anya kijana wa spika kipaza sauti.

"Wee wa nyundo," alisema. Hakupiga kelele, maana mtu akishtuliwa huangusha kilicho mkononi. Sauti yake ilitanda uwanja mzima, nzito na ya kawaida, kama ya mtu anayetangaza gari lililoziba njia. "Usipige. Weka nyundo kwa bega yako. Ndiyo. Sasa rudi nyuma, pole pole, mahali ulikanyaga ukikuja. Wengine wote mbaki mlipo."

Nyundo ilikuwa tayari juu. Yule kijana aliishikilia hapo, kisha akaishusha begani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Akarudi hatua moja. Akarudi nyingine. Mtu fulani kati ya wanawake alianza kusali kwa Kigikuyu.

Mwai alifika akihema, akawaondoa watu wote hadi ng'ambo ya barabara, kisha akalala kifudifudi mbele ya kile chuma peke yake. Alifanya kazi kwa kijiti na brashi. Baada ya muda mrefu, Mwai aliinua mkono mmoja bila kugeuka, akauonyesha upana wa kiganja.

Upana wa kiganja. Huo ndio uliokuwa umebaki kati ya chuma cha tenti na mkia wa bomu.

Mwalimu Wambugu alikuwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Alisimama kando ya Saumu, kofia mkononi.

"Nilitaka servea ayapate," alisema. "Ningekuwa hapo mwenyewe, nimzuie asiguse. Ndungu alikuwa upande wangu. Alikuwa hataki ploti kuliko mimi."

"Mbona hukumwambia?"

"Ndungu hakujua kuficha kitu. Angeambia kila mtu kwa furaha." Alizungusha kofia mkononi. "Nilidhani atachoma magugu wiki inayofuata. Kila mwaka huchoma mvua ikikaribia. Mwaka huu mawingu yalikuja mapema."

"Na hili la pili? Siku tatu, Mwalimu."

"Askari walijaa. Nilisema wakienda nitakuja kulitoa. Nilisema tenti iwekwe nyumbani."

Saumu aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akazigusa pingu. Kabla hajazitoa, Magdaline, mjane wa Ndungu, alitoka kati ya wanawake, leso nyeusi kichwani, akaja mpaka walipo. Alikuwa amesikia vya kutosha. Alimtazama Mwalimu kwa muda mrefu.

"Jumanne jioni ulikuja kwangu," alisema. "Ulituombea. Ulijua ile ingine iko hapa?"

"Nilijua, Mama Wachuka."

"Na jana watoto walikuwa wanacheza mpira hapa. Ulikuwa unawaona kwa dirisha?"

Mwalimu alitazama dirisha lake ng'ambo ya uwanja. Aliinamisha kichwa.

Magdaline hakumpiga, hakulia. Alimgeukia Saumu, akautazama mkono uliokuwa mfukoni.

"Usimfunge hapa," alisema. "Wachuka ako pale kwa lori anaangalia. Huyu ndiye alimfundisha kusoma."

Saumu alitazama. Msichana mwembamba mwenye sare ya sekondari alikuwa amesimama kando ya gurudumu, mikono imekumbatia mwili wake, hajaelewa bado.

"Twende, Mwalimu," Saumu alisema.

Walitembea wawili hao bega kwa bega kuvuka barabara ya zamani ya ndege, kama watu waliokwenda kuangalia mpaka wa shamba. Baadhi ya waombolezaji walimwamkia Mwalimu alipopita, naye akawaitikia. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ua wa miti ya mitarakwa. Walipofika upande wa pili wa ua, mahali ambapo hakuna aliyewaona, Saumu alisimama.

"Mikono," alisema.

Mzee aliinyoosha yote miwili.